Louis Pasteur, mtu aliyechagua chumvi punje kwa punje

Wandugu wachimbaji wa Misisi wanajua kazi ya kuchagua: mchanga umekwisha kuoshwa, karai iko mbele, jicho linatafuta kile kidogo chenye kufaa. Louis Pasteur, ambaye wengi wanamujua tu ju ya chanjo ya kichaa cha mbwa, alianza na kazi ya namna hiyo.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 kule Dole, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, askari wa zamani wa Napoléon. Kijana alikazana na masomo mpaka akaingia École normale supérieure ya Paris, akachagua kemia.

Wakati ule kulikuwa jambo lenye kusumbua wanakemia. Katika kazi ya divai walipata asidi mbili. Wakizipima, ni kitu kile kile. Lakini wakipitisha ndani mwangaza uliotengenezwa kwa namna fulani, moja inaupindisha kuume, na ingine haiupindishi hata kidogo.

Mwaka 1848, akiwa na miaka 25, Pasteur akaangalia chumvi ya ile asidi ya pili kwa mikroskopi. Kumbe kristali zake zilikuwa za aina mbili, kama viatu viwili vya jozi moja: vinafanana, lakini cha kuume hakiingie mguu wa kushoto. Akakamata kibano, akazitenga moja moja. Fungu moja likapindisha mwangaza kuume, lingine kushoto. Zikiwa pamoja, kila moja inafuta nguvu ya mwenzake.

Mzee Jean-Baptiste Biot, wa miaka 74, hakukubali bure. Alimwita arudilie kazi yote mbele ya macho yake. Alipoona, akasadiki, na toka siku ile akamutegemeza.

Lakini kwa kibano hauwezi kufika mbali. Mwaka 1853 Pasteur akapata njia ingine: dawa zinazotoka katika ganda la kinkina, mti wa kinini, ule ule uliotumiwa na kiwanda cha Pharmakina kule Bukavu. Baadaye akaona kuvu inakula asidi ya kuume na kuacha ya kushoto. Kazi hiyo njo ilimusogeza kwa vijidudu.

Nyumbani aliteseka. Mabinti wake watatu walikufa wadogo, wawili kwa tifoide; familia za Baraka, zinazoogopa maji machafu, zinaelewa uchungu huo. Mwaka 1868 upande wake wa kushoto ukapooza. Hakuacha labo. Mwaka 1885 alisimamia chanjo ya mtoto Joseph Meister, wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Alikufa tarehe 28 Septemba 1895.

Ile kazi ya kibano ingali na faida. Mwili wetu pia una kuume na kushoto: dawa ya upande usiofaa inaweza kukosa nguvu ao kuumiza. Mwaka 2001 Knowles, Noyori na Sharpless walipewa tuzo ya Nobel ju ya kutengeneza molekuli za upande mmoja tu, bila kuchagua kwa mkono. Walitumia madini kama rodiamu, ruteniamu na osmiamu. Na Sharpless, pamoja na osmiamu, alitumia pia vitu vinavyotoka katika ganda la kinkina.