Gaspard Monge, Baba wa Uchoraji wa Mafundi

Katika kurasa za gazeti letu tumekwisha kusoma habari za majemadari, wasafiri na washairi. Safari hii naomba nafasi ya kueleza habari za Mfaransa mmoja, Gaspard Monge, ambaye kwetu hatajwi sana nje ya darasa la uchoraji wa kiufundi, na hata humo wengi huitumia kazi yake bila kumjua mwenyewe. Kazi hiyo ni hii: kulichukua umbo la kitu lililomo akilini mwa mtu mmoja na kulifikisha mikononi mwa mtu mwingine aliye mbali, ili akichonge kitu hicho bila kupungua hata kona moja. Wazazi waliowahi kumweleza seremala kitanda kwa kupunga mikono hewani wanajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu.

Monge alizaliwa tarehe 9 Mei, 1746, katika mji wa Beaune, mashariki ya Ufaransa, nchi ya mizabibu. Baba yake, Jacques, alikuwa mchuuzi, si mtu wa cheo wala wa mali, lakini aliwasomesha wanawe watatu katika shule ya mapadre wa mji ule, na wote watatu baadaye wakawa walimu wa hesabu. Gaspard alipelekwa Lyon kuendelea na masomo, na kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa akifundisha fizikia katika chuo kile kile alichokwenda kusoma. Aliporudi kwao mwaka 1764 akaupima mji mzima wa Beaune na kuuchora ramani, kwa vyombo alivyovitengeneza mwenyewe.

Ramani ile ndiyo iliyomfungulia mlango. Ofisa mmoja wa jeshi aliiona, akapendezwa, akamshauri kijana aende Mézières, kaskazini ya nchi, palipokuwa na shule ya wahandisi wa jeshi la Mfalme. Lakini mlango wenyewe ulifunguka nusu tu. Shule ile ilikuwa ya wana wa makabaila, na mwana wa mchuuzi hakuweza kukaa pamoja nao darasani. Akawekwa katika karakana, kuchora na kufinyanga mifano ya ngome kwa plasta. Husemekana kwamba mambo haya yalimchoma sana, nami nasadiki, maana alikuwa akiwatengenezea mifano vijana ambao wengi wao hawakumfikia kwa akili hata kidogo.

Siku moja akapewa hesabu ya ngome. Wakati ule mhandisi wa ngome alipaswa kujua ukuta uinuke kiasi gani, mahali kwa mahali, ili adui aliye juu ya kilima cha jirani asiweze kuwaona wala kuwapiga askari waliomo ndani. Jibu lilipatikana kwa hesabu ndefu za tarakimu, za siku nyingi. Monge akaziacha tarakimu, akatumia mistari, akamaliza upesi mno hata mkuu wa shule akakataa kuitazama kazi yake. Alidhani hakuna awezaye kumaliza kwa muda mfupi vile pasipo kubahatisha. Monge akashikilia itazamwe. Ilipotazamwe kwa makini ikaonekana ni sahihi, na tangu hapo akatolewa karakanani akapewa kufundisha. Hakuwa ametimiza miaka 25 alipokuwa mwalimu wa hesabu wa shule ile.

Njia yake yaweza kuonyeshwa kwa daftari. Lilaze daftari mezani, ufungue jalada la upande wa mbali, ulisimamishe wima. Shika kisanduku cha chaki juu ya ukurasa uliolala, mbele ya jalada lililosimama. Kutoka kila pembe ya kisanduku teremsha, kwa mawazo, mstari ulionyooka hadi kwenye ukurasa, na mwingine uende hadi kwenye jalada. Sasa unazo picha mbili: mmoja wa kisanduku kionekanavyo kutoka juu, mmoja kionekanavyo kutoka mbele. Kisha lisukume jalada nyuma mpaka lilale sawa na ukurasa. Picha zote mbili sasa zimo katika karatasi moja bapa, na kila nukta ya picha ya juu inakabiliana na nukta yake katika picha ya chini. Urefu na upana umo katika moja, urefu na kimo katika nyingine. Hakuna kilichopotea, na mtu yeyote ajuaye kanuni anaweza kukirudisha kisanduku kilivyokuwa.

Waashi wa mawe na maseremala wa Ulaya walikuwa na michoro yao ya namna hii tangu zamani, lakini kila kazi ilikuwa na desturi zake, na bwana alimnong'oneza mwanagenzi wake tu. Jambo alilofanya Monge ni kuyafanya yote kuwa elimu moja yenye kanuni chache. Bomba likipenya bomba lingine kwa mshazari, fundi wa mabati apaswa kukata tundu la umbo gani? Monge alionyesha jinsi ya kuupata mstari ule uliopinda kwa rula na bikari, nukta baada ya nukta, bila kukisia.

Wakuu wa jeshi walipoona faida yake wakaifanya siri. Kwa miaka mingi Monge hakuruhusiwa kuichapisha njia yake wala kuifundisha nje ya Mézières. Nafikiri hiyo ilikuwa hasara kubwa, maana viwanda vilikuwa vikianza kuchipua, na mafundi waliendelea kuharibu mbao na chuma kwa sababu ya michoro isiyoeleweka.

Hapa niruhusiwe kutoka kidogo njiani, kwa kuwa wanafunzi wengine huniuliza kwa nini wajifunze kazi ya Monge ilhali siku hizi kompyuta huchora. Ni kweli, mhandisi wa leo huijenga pampu nzima ndani ya kompyuta, kila kipande mahali pake, kisha huipeleka katika programu nyingine inayoiongoza mashine ya kuchonga chuma. Lakini programu hizi mbili mara nyingi hazisemi lugha moja, na mambo hupotea njiani kama yalivyopotea zamani. Kuna faili za mapatano, kama ile iitwayo STEP, iliyotolewa kama kanuni ya kimataifa mwaka 1994. Faili hiyo huchukua umbo vizuri sana, lakini kwa kawaida haichukui habari ya jinsi umbo lilivyojengwa. Tundu lenye hesi la bolti ya milimita 8 hufika upande wa pili likiwa tundu laini tu. Ikiwa mchoraji alilichora kwa kipenyo cha milimita 6.8, bado fundi anaweza kukata hesi. Ikiwa alilichora kwa milimita 8 kamili na mashine ikalitoboa hivyo hivyo, chuma cha kukatia hesi kimekwisha ondoka na kipande kimeharibika. Tena kuna vipimo vya usahihi: tundu la beringi ya milimita 22 haliwezi kuzidi hata kidogo sana, beringi isije ikacheza, lakini faili nyingi za zamani hazikubeba habari hiyo. Toleo la STEP liitwalo AP242, la mwaka 2014, linaweza kuibeba, mradi programu inayopokea ijue kuisoma. Faili ya STL ndiyo maskini kuliko zote: ina pembetatu tupu, hata haisemi kama vipimo ni milimita au inchi. Kwa sababu hiyo karakana zenye busara hudai, pamoja na faili, mchoro wa kila kipande wenye picha ya juu, ya mbele na ya ubavuni, na hesi na vipimo vya usahihi vimeandikwa pembeni. Mchoro huo ni ule ule wa Monge. Na ajihadhari anayeusoma, kwa maana desturi ya Ulaya huiweka picha ya ubavu wa kushoto upande wa kulia, na desturi ya Marekani huiweka kushoto. Asiyetazama alama ya desturi huchonga kipande kilichogeuzwa kama katika kioo.

Turudi kwa Monge. Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789, naye akayapokea kwa moyo wote, jambo lisilo la ajabu kwa mtu aliyezuiwa kuingia darasani kwa sababu ya ukoo. Mwezi wa Agosti 1792 akafanywa Waziri wa Majeshi ya Majini, kazi ambayo hakuipenda, akaiacha mwezi wa Aprili uliofuata. Alikuwa bado waziri Mfalme Louis XVI alipouawa mwezi wa Januari 1793, na jambo hilo halikusahauliwa na maadui zake.

Wakati huo Ufaransa ilikuwa vitani na majirani karibu wote. Mizinga ilihitajika upesi, kengele za makanisa zikayeyushwa, na watu wakaitwa Paris kutoka wilaya zote kufundishwa kutengeneza baruti na mizinga. Monge alikuwa mmoja wa walimu wao. Akaandika kitabu kizima juu ya kutengeneza mizinga, chenye michoro mingi, ili viwanda vilivyo mbali vichonge mizinga ya namna moja.

Hatimaye siri ikafunguliwa. Mwaka 1795 alifundisha njia yake mbele ya watu wote mjini Paris, na mwaka 1799 masomo hayo yakatoka kama kitabu. Alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha, mwaka 1794, chuo kikuu cha wahandisi kiitwacho École polytechnique, ambacho vijana waliingia kwa mtihani, si kwa ukoo. Mmoja wa waliosoma chuoni hapo, Claudius Crozet, ndiye aliyeipeleka elimu hiyo Marekani, katika chuo cha jeshi cha West Point.

Afrika pia aliifika. Mwaka 1798 alifuatana na Napoleon kwenda Misri, akawa rais wa chuo cha wataalamu kilichoanzishwa Kairo. Jangwani askari wenye kiu waliona maziwa ya maji yakiwakimbia. Monge akaeleza kwamba hayo ni mazigazi: hewa iliyo karibu na mchanga wa moto ni nyepesi, nayo huupinda mwanga wa mbingu ukaonekana kama maji chini. Sisi tunayaona mchana juu ya barabara ya lami.

Napoleon alimpenda, akampa mwaka 1808 cheo cha ukabaila, yeye aliyechukia makabaila! Sijui kama alicheka alipokipokea. Napoleon alipoanguka mwaka 1815, Monge akaanguka naye. Mwaka 1816 akafukuzwa katika Chuo cha Sayansi alichokuwa mwanachama wake tangu mwaka 1780, na kiti chake akapewa Cauchy, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa bado kijana. Huzuni na ugonjwa vikamwelemea, akafa Paris tarehe 28 Julai, 1818.

Wanafunzi wa chuo chake waliomba ruhusa ya kuhudhuria maziko, Mfalme akakataa. Wakatii. Lakini siku yao ya mapumziko ilipofika walikwenda wote pamoja makaburini, wakaweka shada la maua juu ya kaburi la mwalimu wao. Mwaka 1989 mifupa yake ilihamishiwa Panthéon, jengo ambamo Ufaransa huwazika watu wake wakubwa.