Jim Reeves na Sup Zangu

Krismasi iliyopita nilirudi kwa bibi Masasi nikiwa na sup mbili, nahofia kudisco. Bibi akaweka kaseti ya Jim Reeves, ile babu aliyonunua Newala kwa hela ya korosho.

Jim alizaliwa Texas 1923. Alitaka besiboli, akaumia mguu, ndoto ikaishia hapo. Akageukia utangazaji wa redio, kisha akaimba kwa sauti ya chini, mdomo jirani kabisa na maikrofoni. Albamu yake ya Krismasi, Twelve Songs of Christmas, ilitoka 1963. Julai 1964 ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe ikaanguka karibu na Nashville. Aliwahi Krismasi moja tu na albamu hiyo. Bibi kashazipata kibao.

Nilirudi chuo. Sup moja nimefaulu, moja bado.