Alfred Wegener na Nchi Iliyodhaniwa Kuzama

Mtu akisimama ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, pale njia inaposhuka kwenda bonde la Ruvuma, walikoshuka bibi zetu kuteka maji, huona jinsi nchi ilivyolala tabaka juu ya tabaka, mchanga na changarawe na mawe. Kaskazini yetu, huko Tendaguru katika nchi ya Lindi, Wajerumani walichimba tangu mwaka 1909 hata 1913, wakatoa mifupa mikubwa ya wanyama wa kale, nao wapagazi wakaichukua mpaka pwani. Pamoja na mifupa hiyo yalionekana makombe ya baharini yaliyogeuka mawe, na baadhi yake ni ya namna ile ile ipatikanayo Kachi, katika Bara Hindi, ng'ambo ya bahari kuu.

Mambo ya namna hii yaliwashangaza sana wenye elimu. Mwaka 1864 Mwingereza mmoja, jina lake Philip Sclater, alikuwa amekwisha kuona ya kuwa wanyama wa jamii ya komba wanaokaa Bukini wana ndugu zao Bara Hindi. Akadhani kwamba zamani palikuwa na bara kubwa katikati, nalo likazama baharini, akaliita Lemuria. Wengi wakasadiki, na watu wakalichora bara hilo katika ramani, ingawa hapana aliyepata kuliona hata jiwe moja.

Mtu aliyekuja kulifuta ni Alfred Wegener. Alizaliwa Berlin, katika Ujerumani, tarehe 1 Novemba 1880. Baba yake alikuwa mchungaji na mwalimu. Alfred alijifunza elimu ya nyota, akapata shahada yake mwaka 1905, lakini moyo wake ulivutwa zaidi na elimu ya hewa na pepo. Mwaka 1906 yeye na kaka yake Kurt walipanda angani katika puto, wakakaa humo saa 52, muda ambao hapana mtu aliyepata kuufikia kabla yao. Mwaka ule ule akasafiri kwenda Greenland, kisiwa kikubwa cha barafu, nacho hakikumtoka moyoni tena.

Mwishoni mwa mwaka 1910 alikuwa akiitazama ramani ya dunia, akaona jinsi pwani ya Afrika upande wa magharibi inavyolingana na pwani ya Amerika ya Kusini, kama vipande viwili vya chungu kilichovunjika. Watu wengine walikuwa wameliona jambo hilo kabla yake, wakalipita. Yeye hakulipita. Tarehe 6 Januari 1912 alisimama mbele ya wajuzi wa mawe mjini Frankfurt, akawaeleza ya kwamba mabara yote yalikuwa nchi moja, yakaachana, na hata sasa yanakwenda. Vita vilipotokea mwaka 1914 akaenda vitani, akajeruhiwa mara mbili. Na alipokuwa akiuguza majeraha yake akaandika kitabu chake, kilichotoka mwaka 1915.

Basi, na Lemuria je? Wegener alisema kwamba mawe ya mabara ni mepesi kuliko mawe yaliyo chini ya bahari kuu, na kwa hiyo bara haliwezi kuzama kama jahazi lililotoboka. Gogo likielea mtoni, hata ukilisukuma chini litainuka tena. Kwa hiyo hapakuwa na nchi iliyozama kati yetu na Bara Hindi. Bara Hindi lenyewe lilikuwa karibu na Afrika, likaondoka.

Wakubwa wa elimu hawakupendezwa. Mwaka 1926 walikutana New York kuyajadili maneno yake, na wengi wakayakataa, wengine kwa dhihaka. Kwa haki tuseme kwamba walikuwa na neno la kumshika: hakuweza kuonyesha ni nguvu gani isukumayo mabara, na mwendo alioukadiria ulizidi mno. Lakini wengine walimkataa kwa kuwa alikuwa mtu wa hewa aliyeingia katika shamba la watu wa mawe, na hiyo si hoja.

Mwaka 1930 alikwenda Greenland mara ya nne, akiwa mkuu wa msafara. Wenzake wawili, Johannes Georgi na Ernst Sorge, walikuwa wakikaa katikati ya barafu, yapata maili 250 toka pwani, kupima hewa muda wa baridi yote, na chakula chao kilikuwa haba. Tarehe 21 Septemba Wegener aliondoka na vigari 15 vya kukokotwa na mbwa, pamoja na Fritz Loewe na wenyeji 13. Baridi ikawashinda wenyeji 12, wakarudi. Watatu waliobaki, yaani Wegener, Loewe na kijana Rasmus Villumsen, wakafika tarehe 30 Oktoba karibu mikono mitupu. Loewe alikuwa ameungua miguu kwa baridi, hata wenzake wakamkata vidole kwa kisu cha mfukoni. Chakula hakikuwatosha watu watano. Basi tarehe 1 Novemba, siku aliyotimiza miaka 50, Wegener akaanza safari ya kurudi pamoja na Rasmus.

Hawakufika. Mwezi wa Mei 1931 mwili wa Wegener ulionekana njiani, umeshonewa vizuri na kuzikwa katika theluji. Aliyemzika ni Rasmus, naye Rasmus hakuonekana hata leo.

Baada ya miaka 30 na zaidi, vyombo vilipopima sakafu ya bahari, ilithibitika ya kuwa mabara huenda kweli, kadiri ya kukua kwa ukucha. Shelisheli ni kipande cha nchi kavu kilichoachwa nyuma Bara Hindi lilipoondoka; majabali yake ni ya bara, ya kale sana. Hata Morisi, kisiwa cha moto wa volkano ambacho hakijapita miaka milioni 10, mwaka 2017 zilitangazwa humo punje za madini zenye miaka milioni 3,000.

Na bara lililofunikwa na maji lipo, lakini si la Sclater. Ni Zilandia, ambayo Nyuzilandi ni vilele vyake tu. Sehemu 94 katika kila 100 zi chini ya bahari. Halikuzama kwa kutoboka. Lilivutwa hata likawa jembamba, na ubao mwembamba haujitokezi juu ya maji kama gogo nene. Wajuzi walikokota mawe toka vilindini, wakayapima umri, na mwaka 2023 ramani ya mawe yake ikatimia mpaka mipakani.