Richard Trevithick na Garimoshi la Kwanza

Richard Trevithick alizaliwa mwaka 1771 katika jimbo la Cornwall, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa msimamizi wa machimbo. Shuleni Richard hakusifiwa sana na walimu, lakini alipenda hesabu na mashine.

Siku zile injini za mvuke zilitumika kuvuta maji machimboni. Zilikuwa kubwa mno, hata hazikuweza kusafirishwa kwa urahisi. Trevithick aligundua kwamba mvuke wenye kanieneo kubwa ungeweza kuendesha injini ndogo. Karibu na mwaka 1797 alitengeneza mfano mdogo wa gari la mvuke. Maji yake yalichemshwa kwa kipande cha chuma cha moto, nao mfano huo ukatembea wenyewe ndani ya nyumba.

Lakini swali moja lilibaki. Je, magurudumu laini yasingezunguka bure bila kulisogeza gari zito? Trevithick na rafiki yake walifanya jaribio. Walichukua gari la farasi, wakamfungua farasi, kisha wakayazungusha magurudumu kwa mikono katika barabara yenye mwinuko. Gari likaenda mbele, wala magurudumu hayakuteleza. Msuguano ulitosha.

Tarehe 21 Februari, 1804, garimoshi la Trevithick lilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 huko Wales, mwendo wa kiasi cha kilomita 15. Pistoni ilizungusha gurudumu kubwa zito, na magurudumu yenye meno yakapeleka nguvu hiyo kwenye magurudumu ya gari. Mashine ilifaulu, ila reli za chuma cha kusubu zilivunjika kwa uzito wake.

Trevithick hakukata tamaa. Mwaka 1808 alionyesha garimoshi jingine mjini London. Safari hii aliondoa gurudumu zito pamoja na yale yenye meno. Fito za chuma zilitoka kwenye pistoni na kuyazungusha magurudumu ya gari moja kwa moja. Mashine ikawa sahili zaidi. Hata hivyo, reli zilivunjika tena, na fedha zikamwishia.

Trevithick alifariki mwaka 1833 akiwa fukara, na wafanyakazi wenzake walichanga fedha za mazishi. Lakini mafundi wengine walipopata reli imara, magarimoshi ya mvuke yalienea duniani.

Jaribio: Chukua gari la kuchezea. Zungusha magurudumu yake kwa kidole juu ya ubao mkavu, kisha juu ya ubao uliopakwa mafuta. Eleza tofauti uliyoiona na sababu yake.