Mchoraji wa Venice na Balaa la Mkono wa Kushoto

Ukiwa Bute, kule Wajir Kaskazini, hebu mpe mzee kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto uone. Ataacha mkono wako ukining'inia hapo hadi ujirekebishe. Sasa kuna Mwitaliano aliyejitia matatani kwa jambo hilo hilo ng'ambo ya mpaka, Ethiopia, zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Jamaa aliitwa Niccolò Brancaleon, mtu wa Venice. Alitua Ethiopia mwaka wa 1480 hivi, wakati kina Giovanni Bellini walikuwa wakitamba kwa rangi huko kwao. Wenyeji walimpa jina jipya, Marqorewos, naye akaingia kazini: Bikira Maria na mtoto, watakatifu, picha za vitabu vya ibada.

Balaa likaja alipomchora Maria amembeba Yesu kwa mkono wa kushoto. Italia hiyo ilikuwa kawaida tu. Hata mama yako huenda alikubeba hivyo ili mkono wa kulia usonge ugali. Lakini Wahabeshi waliona ni matusi, mkono wa mambo machafu umshike Mungu! Inasimuliwa kuwa watu walichemka, ila mfalme akaikingia kifua picha ile, ikabaki.

Kurudi kwao je? Sahau. Wafalme wa huko walikuwa na mtindo wao: mgeni mwenye ujuzi anapewa ardhi na mali, lakini ruhusa ya kuondoka hapati. Pêro da Covilhã, Mreno, yalimkuta hayo. Padri Francisco Álvares alipofika na ujumbe wa Ureno mwaka wa 1520, alimkuta Brancaleon akiwa bado yupo, baada ya miaka 40, anaongea lugha ya wenyeji na mfuko umenona. Tajiri asiyeweza kwenda nyumbani, wewe utamwitaje?

Halafu vita vikalipuka. Kuanzia 1529 Imamu Ahmad ibn Ibrahim alipiga Ethiopia, na makanisa mengi yakateketea na picha zake. Wasomali humwita Ahmed Gurey. Kama Kisomali unakielewa, ushacheka: Gurey ni mtu wa mkono wa kushoto.

Bahati nzuri si kazi zote za Brancaleon zilizoungua, na zingine aliziandika jina lake, ndiyo maana wataalamu wanazitambua. Baadhi ziko kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Addis Ababa. Mabasi ya Addis yanaondoka Moyale. Ukifika, angalia mtoto kabebwa upande gani.