Siti binti Saad: Jasho la Mwanamke Halina Aibu

 

Katika nyumba zetu nyingi fedha ya mwanamke huzungumzwa kwa kunong'ona. Mke huona haya kuulizia mahari yake iliyobaki. Mjane huona haya kudai fungu lake la mirathi, asije akaitwa mwenye tamaa. Mama muuza maandazi huona haya kumkumbusha jirani deni la mwezi uliopita. Ijumaa hii tumeona ni vyema tuyatazame maisha ya mwanamke wa Unguja ambaye angeweza kuonewa haya kwa kila kitu, naye hakukubali.

Siti binti Saad alizaliwa kijijini Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja, mnamo mwaka 1880 hivi. Wazee wake walikuwa na asili ya bara na walionja utumwa, na yeye mwenyewe alipozaliwa alipewa jina la Mtumwa. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria ilitolewa Zanzibar mwaka 1897, na masuria wakaingizwa katika uhuru huo mwaka 1909. Hata hivyo, sheria hufuta hati kwa siku moja, lakini dharau hukaa vinywani mwa watu miaka mingi.

Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi. Binti huyu alifinyanga vyungu, akajitwika kichwani, akatoka navyo kwa miguu kwenda kuviuza, huku akiinadi bidhaa yake kwa sauti iliyosikika mbali. Tusiidharau kazi hii. Mwenye kufinyanga hujua kuwa vyungu vingine vitapasuka motoni na kwamba bei ya vilivyosalimika lazima ifidie vilivyovunjika. Anayeshindwa kuitaja bei yake mbele ya mnunuzi hurudi nyumbani na njaa. Hiyo ni elimu ya mali, japokuwa haikusomwa chuoni. Ikumbukwe kuwa skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana wa Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1927, wakati yeye ni mtu mzima.

Aliolewa, akapata mtoto wa kike, kisha akaachika. Mwaka 1911 akahamia mjini. Wakati ule mji ulikuwa na pande mbili: Mji Mkongwe wa majumba ya mawe, na Ng'ambo, upande wa pili wa hori, walikoishi wengi wa waliotoka utumwani na wenye kipato kidogo. Hata nguo ilimtambulisha mtu. Kaniki nyeusi ilikuwa vazi la watumwa na mafukara, na wanawake waliopata uhuru waliiacha wakajifunga kanga.

Huko mjini alikutana na Muhsin Ali, aliyeitambua sauti yake na kumfundisha. Akaungana na wanamuziki wengine, akaimba katika nyumba za wakubwa na hata mbele ya Sultani. Jina la Mtumwa likaondoka, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, wakarekodi nyimbo kwa kampuni ya santuri ya HMV. Sauti yake ikawa miongoni mwa sauti za kwanza za Kiswahili kuuzwa katika santuri, na ikasikika katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Hapo ndipo husuda ilipopata nafasi. Wapinzani wake walitunga nyimbo za kumkumbusha kaniki aliyokujanayo mjini. Walitaka aone haya kwa umasikini wake wa zamani, na aone haya pia kwa kipato chake kipya. Siti hakunyamaza. Aliwajibu kwa wimbo wenye maana kwamba sura na nasaba si hoja, na mwenye hasara ni yule aliyekosa akili.

Wasomaji wetu watauliza: vipi kuhusu muziki? Suala hilo wanazuoni wamelijadili kwa kirefu na tunawaachia wao. Mazingatio yetu leo ni juu ya aibu aliyotaka kuvishwa mwanamke kwa sababu ya kutoka jasho. Aibu hiyo haina msingi katika dini yetu. Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nisaa aya ya 32, imethibitisha kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake nao wana fungu katika walichokichuma. Bibi Khadija (RA) alikuwa mfanyabiashara wa Makka, na mkewe Abdullah bin Mas'ud (RA) alipouliza kama yafaa kumpa mumewe sadaka, Mtume (SAW) alimjibu kuwa atapata ujira mara mbili. Wanazuoni wamefahamu kutokana na hapo kuwa mali ya mke ni yake, na anapompa mumewe huwa ametenda wema.

Leo wapo mama zetu wanaolima mwani Paje na Jambiani, wanaosuka ukili na wanaocheza upatu mitaani. Tuwafundishe mabinti kuhesabu, kutaja bei bila kuinamisha macho, na kuandika madeni kwa mashahidi, kama ilivyoagizwa katika Suratul-Baqarah aya ya 282. Nasi akina baba tujiulize: mke anapodai haki yake kwa adabu, ni nani kati yetu anayepaswa kuona haya, mdai au aliyezuia haki?

Siti binti Saad alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kikaliita jarida lake Sauti ya Siti. Binti aliyepewa jina la Mtumwa ameacha jina ambalo wasomi wanalitaja kwa heshima.

Tunamuomba Allah (SW) amrehemu, awape wanawake wetu riziki ya halali na ujasiri wa kuisimamia, na atuepushe sisi na kula haki za wengine. Aamin. Wallahu aalam.