Karamojo Bell: Mwindaji wa tembo aliyetanguliza risasi kuliko bunduki

NCHINI Tanzania, anayewinda tembo kwa leseni haruhusiwi kubeba bunduki nyepesi. Kanuni zinataka mtutu wenye kipenyo kisichopungua inchi 0.375, yaani takriban milimita 9.5.

Mkoani Simiyu, ambako Pori la Akiba la Maswa limeungana na Hifadhi ya Serengeti, sababu ya masharti hayo haihitaji maelezo marefu. Wakulima wa vijiji vya Bariadi, Itilima na Meatu hukesha mashambani tembo wanapovuka mipaka ya hifadhi, na wanafahamu kwamba tembo aliyepigwa risasi akajeruhiwa tu ni balaa kwa yeyote atakayekutana naye baadaye.

Hata hivyo, mmoja wa wawindaji mashuhuri kuliko wote waliopata kukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki aliua tembo wapatao 800 kwa bunduki ambayo leo isingepitishwa. Kipenyo chake kilikuwa milimita saba tu.

Huyo ni Walter Dalrymple Maitland Bell, aliyejulikana kwa jina la Karamojo Bell kutokana na safari zake katika nchi ya Wakaramojong, kaskazini mashariki mwa Uganda.

Bell alizaliwa Septemba 8, 1880 karibu na Edinburgh, Scotland, katika familia yenye mali na watoto wengi. Mama yake alifariki dunia akiwa na umri wa miaka miwili, na baba yake alimfuata miaka michache baadaye. Akalelewa na kaka zake, akatoroka shule zaidi ya moja, na akiwa na miaka 13 alikuwa tayari baharini.

Mwaka 1896, akiwa kijana wa miaka 16, alifika Afrika Mashariki na kupata kazi ya kuwinda simba kwa ajili ya Reli ya Uganda. Alibeba bunduki ya Fraser ya .303 iliyopakiwa risasi moja moja. Hapo ndipo alipopata somo lake la kwanza, nalo lilikuwa chungu.

Katika joto la nyika, ganda la risasi iliyokwisha kufyatuliwa lilinasa ndani ya mtutu na kukataa kutoka. Baruti ya risasi zilizotengenezwa Ulaya, ambako hali ya hewa ni ya baridi, hulipuka kwa nguvu zaidi inapopashwa na jua la tropiki. Ganda hutanuka na kukaza. Kwa mtu anayemkabili simba, bunduki ya namna hiyo haina tofauti kubwa na fimbo.

Baada ya hapo alikwenda Klondike, nchini Canada, wakati wa mbio za dhahabu, akawa muuza nyama ya porini. Mshirika wake alimdhulumu, akalazimika kuuza bunduki yake. Ili avuke bahari tena alijiunga na jeshi la Canada katika Vita vya Makaburu, akatekwa, akatoroka. Vita vilipokwisha mwaka 1902 alirejea alikokuwa akikutamani siku zote.

Karamoja haikuwa nchi tupu. Wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani walikwishafika miaka mingi kabla yake, wakiwa na makazi huko na wakinunua pembe. Bell alianzisha utaratibu wake: mwenyeji aliyemletea habari zilizomwezesha kuua madume matano au zaidi alizawadiwa ng'ombe. Kwa wafugaji, zawadi hiyo ilizidi shanga zote. Kati ya waliomwongoza, Pyjalé ndiye aliyekuwa mfuasi nyayo na mwandani wake mkubwa, na ni haki kusema kwamba bila watu wa aina yake jina la Bell lisingesikika.

Wawindaji wenzake wa zama hizo walibeba bunduki nzito. Risasi ya bunduki ya .600 ilikuwa na uzito wa gramu 58 hivi. Ya Bell ilikuwa na gramu 11.2, pungufu ya mara tano. Wengi walimwona mwendawazimu.

Lakini Bell alikuwa amefanya kazi ambayo wengi hawakuifanya. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno, akatazama ubongo ulipokaa, kisha akajizoeza kuukadiria kutoka kila upande, hata kutoka nyuma kwa mshazari. Akajua kuwa kinachohitajika si kishindo, bali risasi inayokwenda moja kwa moja, isiyopinda wala kupasuka, hadi pale ilipolengwa.

Ndiyo maana alichagua risasi ya kijeshi ya Mauser ya muundo wa mwaka 1893: ndefu, nyembamba, yenye ncha ya mviringo, iliyofunikwa gamba gumu pande zote. Kwa kuwa ni ndefu ikilinganishwa na unene wake, uzito wote husukuma katika tundu dogo, nayo hupenya mfupa bila kuvurugika. Risasi yenye ncha laini, inayofaa kwa swala, ingefunguka kama ua kwenye fuvu na kuishia njiani.

Jambo la pili lilikuwa uaminifu wa kiwanda. Alijaribu bunduki nyepesi ya Mannlicher ya milimita 6.5, akaipenda, lakini risasi alizozipata hazikuaminika, akaachana nayo. Alijaribu ya .318 na yenyewe ikamwangusha kwa sababu hiyo hiyo. Risasi za Kijerumani za kiwanda cha DWM, zilizoingia katika Rigby yake ya .275, hazikumtupa. Inasimuliwa kuwa zile za .318 zilizobaki alizimaliza kwa kulenga ndege waliokuwa wakiruka juu ya ziwa, na waliomwona walidhani ana bunduki ya marisau.

Wapiga shabaha wa bunduki ndogo za .22, ambazo risasi zake huwashwa kwa kugongwa ukingoni mwa kitako cha ganda, wanalifahamu jambo hilo mpaka leo. Bunduki ile ile hutoboa matundu yaliyobanana kwa risasi za kiwanda kimoja, na kuyatawanya kwa risasi za kingine. Kwa kuwa maganda hayo hayajazwi upya, mshindani hujaribu toleo baada ya toleo, na akipata linalopatana na mtutu wake hulinunua kwa wingi. Tofauti ni kwamba yeye akikosa hupoteza alama tu.

Hesabu ya Bell ni ya kutisha kwa msomaji wa leo: tembo 1,011, karibu wote madume. Siku moja tu aliua tisa na kukadiria mapato ya pauni 877. Alikisia kuwa kila tembo alimgharimu mwendo wa kilomita 117 kwa miguu. Aliuona ujangili? Sheria za zama zake, pale zilipokuwapo, hazikuuita hivyo. Lakini ustadi uliomwezesha kuua bila kutesa ndio huo huo uliomwezesha kuua wengi kiasi hicho.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijifunza urubani na kupelekwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Tanzania Bara ya sasa, kupeleleza kutoka angani. Inaelezwa kuwa mara nyingi aliruka bila msaidizi, ili awe huru kufyatua mwenyewe. Kule chini, askari wengi wa Kijerumani walianza vita hivyo na bunduki za mwaka 1871 zenye baruti nyeusi, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Alitunukiwa nishani ya Military Cross.

Baadaye alioa, akanunua shamba la milimani Scotland, akaandika vitabu, cha kwanza kikitoka mwaka 1923, na akashiriki mashindano ya mashua. Uzeeni aliwinda kulungu kwa bunduki ya .220 Swift, yenye kipenyo cha milimita 5.6 tu, ndogo zaidi ya ile ya Karamoja.

Alifariki dunia nyumbani kwake Corriemoillie, Juni 30, 1954, kwa maradhi ya moyo.